Kidonge cha Pili

Cherehani ya Baba ilikuwa ikishona bila nguo. Aliyekulia katika nyumba ya fundi huitambua hali hiyo kabla hajafikiri. Sindano inapopita kwenye kitambaa mlio wake huwa mzito, kisha hukatika kila fundi anapofika kwenye kona. Inapopita hewani hulia kavu, chuma kwa chuma, na haina kona ya kufikia. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi, mwezi wa Shaabani, nami nilikuwa uani napepeta mchele. Nilisimamisha ungo nikasikiliza. Nilihesabu mpaka sitini. Ndiyo tabia yangu, kutaka ushahidi kabla ya kuinuka.

Nilipofika barazani, kitambaa cha kaki cha sare za shule kilikuwa chini, mchangani. Miguu ya Baba ilikuwa ikikanyaga pedali kwa mwendo wake uleule wa siku zote. Mikono yote miwili ilikuwa juu ya bamba, vidole vikisukuma nguo isiyokuwepo, karibu mno na sindano. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho, ilhali upepo wa asubuhi ulikuwa bado unavuma kutoka mikokoni. Nikamwita. Akainua uso, akanitazama kwa adabu, kama fundi anavyomtazama mteja mgeni, akaniita dada, akaniuliza kama boti ya vifungo imeshafika. Dada yake, shangazi yangu mkubwa, alifariki nikiwa darasa la tatu.

Baba yangu yu hai. Naliandika hili mapema kwa kuwa sitaki msomaji avutwe na shaka ambayo mimi sinayo tena. Yu hai, anakula, anaswali akiwa ameketi, na jina langu hulikumbuka siku nyingi kuliko siku anazolikosa. Cherehani tumeifunika shuka. Ninachotaka kukieleza ni yale yaliyopita kati ya saa nne ya asubuhi ile na saa nne ya asubuhi iliyofuata, na kwa nini ilinichukua muda wote huo kutamka jambo moja nililokuwa nikilijua.

Lazima nianze na ini.

Nasomea dawa, shahada ya uzamili, Dar es Salaam, na utafiti wangu unahusu namna mwili unavyozivunja dawa. Wengi hudhani kidonge kikishamezwa hufanya kazi yake kisha huisha chenyewe, kama mafuta kwenye kibatari. Hakiishi chenyewe. Ndani ya ini mna vimeng'enya vinavyokikamata, kukikatakata na kukigeuza kiwe kitu ambacho figo zinaweza kukitoa nje. Kipimo kilichoandikwa kwenye boksi kimekadiriwa kwa kuifahamu kasi ya vimeng'enya hivyo. Kasi ikibadilika, kidonge kilekile, kwa mtu yuleyule, huwa dawa nyingine. Vikienda mbio, mgonjwa ni kama hakumeza kitu. Vikienda polepole, dawa ya leo huikuta ya jana bado imekaa.

Na zipo dawa ambazo zenyewe hubadilisha kasi hiyo. Mojawapo ni ile nyekundu wanayopewa wagonjwa wa kifua kikuu, rifampisini. Ini likiipokea kila siku huongeza vimeng'enya vyake. Nilipomweleza Baba jambo hili alilielewa papo hapo, kwa lugha ya kazi yake. Kila Januari, shule zilipokaribia kufunguliwa, aliwachukua mafundi wawili wa ziada, na kazi ya wiki ikaisha kwa siku mbili.

"Kumbe ini langu limeajiri," alisema.

Sare zilipoisha, mafundi wale waliondoka, lakini si kwa siku moja. Walibaki wakimalizia mashati ya watu na kula wali wa Mama, mpaka baada ya wiki mbili hivi baraza ikarudi kuwa ya mtu mmoja. Vimeng'enya navyo huondoka vivyo hivyo. Hilo la kuondoka sikumweleza.

Ramadhani iliyotangulia ilimpita yote akiwa kitandani. Alikuwa na homa, amekonda, ana kiu isiyokatika. Zahanati walimpima wakakuta kisukari, akaanzishiwa kidonge kimoja cha glibenklamaidi kila asubuhi. Kikohozi sisi wenyewe tulikiita cha vumbi la vitambaa, tukakizoea, ikapita miezi kabla hatujampeleka kupimwa makohozi. Kilikuwa kifua kikuu. Akapewa dawa za miezi sita. Hakuona haya, aliugeuza ugonjwa kuwa mzaha. Kwa kuwa dawa zile ziliufanya mkojo wake uwe na rangi ya machungwa, aliziita vidonge vya sharubati, na wenzake waliokuja kupiga soga barazani wakamwuliza kama anaiuza kwa glasi au kwa jagi.

Baada ya mwezi mmoja wa dawa hizo, sukari yake ilipanda. Alinipigia simu akiwa nyuma ya msikiti, mahali ambapo mtandao hushika vizuri kisiwani kwetu, upande wa Salale. Zahanati walikuwa wamempima wakapata kumi na saba. Siku yake ya kliniki ya bara ilikuwa bado wiki tatu. Nilikuwa maabara, nimevaa glovu, simu nimeibana kwa bega. Nilijua sababu kabla hajamaliza kueleza: vimeng'enya vimeongezeka, na kidonge chake cha sukari kinakatwa kabla hakijafanya kazi. Nilifurahi. Imeniwia vigumu kuliandika neno hilo, lakini hakuna jingine lililo sahihi. Nilifurahi kwa sababu jambo nililokuwa nikilisoma kwenye karatasi lilikuwa limetokea ndani ya mwili wa mtu ninayemjua, nami nimelitambua.

Nikamwambia ameze viwili badala ya kimoja, na siku ya kliniki awaambie.

"Daktari wangu nimemlea mwenyewe," alijibu, "halafu niende nikaombe ruhusa kwa mtoto wa mwenzangu?"

Nikacheka. Sukari ikashuka, kama nilivyotabiri. Nilikuwa sahihi kabisa, na usahihi huo ndio ulionilaza. Kliniki hakuwaambia, maana aliogopa kukemewa. Kadi yake ikaendelea kusema kimoja, na cha pili akawa anaagiza kwenye duka la dawa kwa yeyote anayekwenda Kibiti. Nilijua kwamba hakuwaambia. Nililiacha jambo lipite, kwa sababu watu wa kisiwani walikuwa wameanza kuniita daktari nikishuka botini, ingawa mimi si daktari, nami sikuwa nimemsahihisha hata mmoja.

Dozi ya kifua kikuu ilipokwisha, Mama alipika pilau, ikasomwa dua ya shukrani. Nilikwenda nyumbani kwa siku hiyo moja, nikabeba masinia, nikarudi Dar es Salaam kesho yake. Wiki ileile niliandika katika sura ya pili ya tasnifu yangu kwamba rifampisini ikisimamishwa, vimeng'enya hurudi katika hali yake ya awali baada ya wiki mbili hivi, na kwamba dawa nyingine ambazo kipimo chake kiliongezwa hazina budi kupunguzwa. Naikumbuka jioni hiyo. Niliisoma aya hiyo mara tatu nikibadilisha mahali pa mkato. Uso wa Baba haukunijia hata mara moja.

Yeye alikuwa na hesabu yake. Alidaiwa saumu thelathini, na Ramadhani nyingine ilikuwa inakaribia. Kwetu, mtu aliyepata nafuu haingii Ramadhani mpya akiwa na siku za ile ya zamani shingoni. Angeweza kulisha maskini, na imamu alimwambia hivyo, lakini Baba alisema hiyo ni ya wazee waliokata tamaa, yeye amepona na ana cheti. Wiki moja baada ya dua akaanza kulipa, siku kwa siku, mfululizo. Mama akawa anafunga pamoja naye ili asile daku peke yake.

Siku za kwanza hakupata shida yoyote. Mafundi walikuwa bado barazani, wakimalizia mashati. Kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Nilipofika nyumbani katikati ya Shaabani alikuwa amekamilisha siku kumi na tisa. Kesho yake asubuhi alikuja mteja, mkata mikoko mmoja mwenye sauti ya kupita kuta, ameshika suruali aliyoshonewa. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa chini kwa mshono nadhifu.

"Fundi," alisema, "mimi mguu umenikatika lini? Maana naona umeshanishonea ya kilema."

Watu wakacheka. Baba naye alicheka, akaichukua suruali, akaifumua. Mimi niliuona mkono wake ukitetemeka. Mama akaniambia pembeni kwamba wiki hiyo amekuwa mkali, anatoka jasho, na juzi alimfokea kwa kuficha mkasi ambao ulikuwa mfukoni mwake mwenyewe. Nilisikiliza yote hayo, nikayapanga kichwani kwa utaratibu, nikaamua kwamba kabla ya kusema lolote nipate vipimo vya siku mbili. Nilikuwa nimekuja na mashine ya kupimia sukari na vijiti vichache.

Kesho yake, wakati wa daku, nilikaa nao mkekani. Mama alichovya mkono kwenye mkebe wa dawa, akampa Baba vidonge kiganjani. Niliviona. Viwili. Nilitazama hata saa ya simu: saa kumi na dakika ishirini. Nikajisemea kwamba asubuhi nitapima, nikishapata namba nitazungumza naye.

Hiyo ndiyo asubuhi ya cherehani.

Nilimtoboa kidole pale pale barazani. Mashine ilionyesha moja nukta tisa. Namba hiyo ni ya mtu ambaye ubongo wake unazimika. Nilikoroga sukari kwenye maji, nikamnywesha kijiko kwa kijiko, nusu ikiingia kinywani na nusu ikimwagikia kifuani. Baada ya robo saa nilipata tano nukta nne, na Baba akawa amerudi. Akauliza kwa nini kifua chake kinanata.

"Umeninywesha?"

"Nimekunywesha, Baba. Sukari ilishuka sana."

"Mimi nilikubali?"

"Hukuwa na fahamu."

Akatabasamu kama mtu aliyeshinda bao. "Basi saumu yangu iko palepale. Aliyemiminiwa bila hiari yake hajafungua. Hilo tulifundishwa chuoni wewe hujazaliwa, daktari."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ungo wangu mkononi mwake.

Nimerudia dakika ile mara nyingi kuliko dakika nyingine yoyote maishani mwangu. Nilichotakiwa kusema ni hiki: ni vidonge, Baba, vyote viwili bado vimo damuni na vitakaa humo mpaka kesho, vitakushusha tena leo hii, na cha pili nilikupa mimi, nikasahau kukiondoa. Angekula. Hakuwa mjinga, na dini yake inamwondolea mgonjwa saumu, yeye mwenyewe alikuwa akiwafafanulia wengine hukumu hiyo. Lakini nilisema, "Ni mfungo uliokushusha, Baba. Ule kidogo."

Naye akajibu hoja niliyompa. Kama ni mfungo, alisema, basi kubwa limekwisha, magharibi si mbali, na leo ni siku ya ishirini na moja. "Nimeshavuka mto. Nirudishwe na kijito?"

Nilimtazama Mama. Nikajiambia kwamba siwezi kulisema lile jingine mbele yake, kwa sababu ni mkono wake uliotoa vidonge alfajiri, na atadhani ni mkono wake uliofanya hayo. Hilo nililiita huruma.

Mpango niliouweka ulikuwa wa mtu msomi. Vidonge vya kesho nitavizuia. Leo nitakaa karibu na kupima. Nilikuwa na vijiti vitatu vilivyobaki, nikavigawa kwa saa. Saa sita nilipata nne nukta moja, nikaandika kwenye daftari. Saa nane nikapata tatu nukta tatu. Hapo ilinipasa kumwita jirani mwenye boti. Nilijadiliana na namba: vijiti vimekaa kwenye joto, mashine yenyewe ina kasoro yake ya kawaida, Baba anaongea vizuri na ametoka kuswali adhuhuri kwa miguu yake. Nikamsihi ale. Akaniambia bado anakijua hata kitovu changu kilizikwa wapi, nimwache amalize kola.

Nikaingia ndani, nikakaa kitandani, nikaanza kuandika namna ya kumweleza. Niliandika mara tatu. Ya kwanza ilianza na rifampisini. Ya pili ilianza na kuomba radhi, nikaiona imejaa mimi. Ya tatu ilianza na vidonge. Wakati naandika hiyo ya tatu, cherehani ilinyamaza, nami nikaupokea ukimya ule kama habari njema. Nilidhani amepumzika.

Adhana ya alasiri ilipoita hakuinuka. Nilimkuta shavu lake liko juu ya bamba la cherehani, macho nusu wazi, mkono wa kulia ukirukaruka peke yake. Hakuweza kumeza. Nilimpaka asali kwenye ufizi kwa kidole changu, na meno yake yakanibana. Kijiti cha mwisho nilikuwa bado ninacho. Hakikuwa na kazi tena.

Maji yalikuwa yamekupwa. Boti ya jirani ilikuwa imekaa kwenye tope, na mkondo wenye maji ulikuwa mbali, baada ya mikoko ya mwisho. Wanaume sita walimlaza kwenye kitanda cha kamba, wakambeba, tope likiwafika magotini, wakipokezana bila kusemezana. Yule mkata mikoko wa suruali alikuwa mbele, upande wa kichwa. Nilitazama saa mara nyingi mno. Ilichukua dakika hamsini kufika kwenye maji yanayobeba boti, na kila dakika nilijua ni kitu gani kinachokufa ndani ya kichwa cha Baba, na kwa mpangilio upi. Sijawahi kuichukia elimu yangu kama nilivyoichukia pale.

Ndani ya boti Mama alikuwa amekipakata kichwa chake. Alikuwa akisoma dua kwa midomo tu. Tulipotoka kwenye mkondo mwembamba aliacha, akaniangalia.

"Mwanangu, si wewe ndiye unayesomea haya?"

Hakuwa ananilaumu. Alitaka nimwambie kinachoendelea, kama mtu anavyomwuliza nahodha kina cha maji. Nikamjibu kwamba sukari imeshuka, kwamba ni mfungo. Mara ya pili.

Tulishuka Nyamisati, tukapata gari, tukafika hospitali magharibi imeshaingia. Daktari wa zamu alikuwa kijana wa umri wangu, mwenye mikono myepesi, hakupoteza muda. Alimwekea dripu ya sukari, na Baba akafumbua macho. Alipoambiwa aishike mikono ya daktari, wa kushoto ulishika, wa kulia ulibaki umelala juu ya shuka kama mkono wa nguo. Daktari akaomba kadi ya kliniki. Nikampa. Akaisoma chini ya taa.

"Ya sukari anatumia hii tu? Kimoja asubuhi?"

Mama alikuwa upande wa pili wa kitanda, akimsomea Baba dua sikioni. "Kama ilivyoandikwa," nilisema.

Sina njia ya kuipamba kauli hiyo. Mbili za kwanza ningeweza kudai kwamba zilikuwa nusu ya kweli, maana mfungo nao ulikuwa na sehemu yake. Hii ya tatu niliisema kwa mtu aliyeuliza sawasawa, ambaye jibu langu lilikuwa dawa anayoihitaji. Akafikiri kwa kutumia alichopewa. Mzee aliyekonda kwa kifua kikuu, saumu ndefu, kidonge kimoja: kushuka huko kulieleweka, na kwa kidonge kimoja palikuwa na sababu ya kuamini kwamba hatari itapita upesi. Alisema mkono utahitaji mazoezi na muda. Sukari ikisimama vizuri mpaka asubuhi, atatoa dripu na kumruhusu saa sita, ili tuwahi kabla maji hayajakupwa. Asifunge tena mwaka huu. Dawa yake aendelee nayo keshokutwa, baada ya chakula, kama kawaida. Kisha akanipa namba yake ya simu, endapo patatokea lolote njiani.

Mwangalizi wa mgonjwa aliruhusiwa mmoja, akabaki Mama. Mimi nikaenda kulala Kibiti kwa mama mdogo, mdogo wake Mama, kwa makubaliano kwamba asubuhi nitaleta uji.

Asubuhi mama mdogo alipika uji wa mchele, akaujaza kwenye chupa, akanikabidhi. Nilikaa nao kwenye kigoda cha jikoni. Nilikuwa nafanya hesabu. Vidonge viwili, saa kumi na dakika ishirini, juzi yake viwili, na siku iliyotangulia viwili. Ini lililorudi kuwa la fundi mmoja. Figo za mzee. Dripu ikitolewa saa sita, saa nane wangekuwa ndani ya boti, na huko mikokoni hakuna dripu, hakuna kijiti ila kimoja. Kisha nikafika mahali ambapo hesabu haikuhitajika. Daktari amesema aendelee na dawa kama kawaida. Karatasi inasema kimoja. Lakini kawaida ya Mama imo mkononi mwake, na mkono wake unajua viwili. Keshokutwa, baada ya chakula, angechovya kwenye mkebe ule, akampa kiganjani, kwa mapenzi, vidonge viwili. Na mimi ningekuwa nimekaa kwenye mkeka uleule.

Nilijiuliza ni kitu gani hasa ninachokilinda. Nilijaribu kujibu kwa uaminifu, kama ambavyo ningemjibu msimamizi wangu. Palikuwa na nafasi yangu chuoni. Palikuwa na Mama. Lakini kilichokuwa chini kabisa kilikuwa kidogo na cha aibu: sikutaka Baba aache kuniita daktari.

Mama mdogo alikuwa akikuna nazi kwenye mbuzi, mgongo amenipa. Hakugeuka.

"Uji huo unaupeleka, mwanangu, au unausomea?"

Nikaiweka chupa chini. Nikatoka hadi uani, nikasimama karibu na kamba ya nguo, nikapiga. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tatu.

"Daktari, ni binti wa yule mzee fundi, wa kitanda cha dirishani."

"Ehe, dada. Anaendelea vizuri. Ndiyo kwanza tunamwandikia karatasi zake."

"Usimruhusu."

Nilisikia kalamu ikiwekwa mezani. Nilisikia pia, mbali kidogo na simu, sauti ya Mama ikiuliza ni nani huyo.

"Kadi inasema kimoja," nilisema. "Alikuwa anameza viwili. Karibu miezi sita sasa. Nilimwongezea mimi, kwa simu, alipokuwa kwenye dawa za kifua kikuu, na dawa hizo zilipokwisha sikumpunguzia. Hakuna aliyewaambia kliniki. Mama hajui chochote, anampa kama nilivyosema mimi."

Nikamsikia akimwambia mtu dripu isitolewe, apimwe sasa hivi na kila saa.

"Vya mwisho amemeza saa ngapi?"

"Jana alfajiri, saa kumi na dakika ishirini. Viwili."

"Una hakika?"

"Niliviona."

Nilingoja anikemee. Nilikuwa nimekwisha kuandaa hata namna ya kulipokea karipio. Alichofanya ni kuvuta karatasi, niliisikia.

"Sema tena tangu mwanzo, dada. Polepole, naandika."

Nikaanza tena tangu mwanzo, polepole, tangu siku ile maabara nikiwa nimebana simu kwa bega, naye akaandika.